Zimwi Lililotaka Kura

Mwezi uliopita tulimzika Nekesa kwao Matulo, na nilipopewa kipaza sauti niseme machache, nikasema machache kweli. Nilisema alikuwa mwalimu mwenzangu, alikuwa mcheshi, na alipenda watoto. Maneno ya namna hiyo unaweza kuyasema juu ya mtu yeyote aliyewahi kushika chaki. Watu wakanipigia makofi ya heshima, kwaya ikaimba ubeti mmoja, nami nikarudi kwenye kiti changu cha plastiki na kuanza jambo nisilojivunia: kusahihisha kijitabu cha mazishi. Kilikuwa na "alizariwa", kilikuwa na "marehemu aripenda kuimba", na mkono wangu ukawa unapapasa ndani ya mkoba kutafuta kalamu nyekundu. Ndivyo nilivyo, hata msiba haunifumbi macho. Mama mmoja aliyeketi kando yangu aliniona nikipiga mistari kwa ukucha, akaniuliza kama nimeona jina la mtu ninayemjua. Nikamwambia ndiyo. Nilikuwa nimefika kwenye ukurasa wa pili, penye picha ya Nekesa akicheka, na hapo nikashindwa kuendelea.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ni 2002. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na A ya Kiswahili katika mtihani wa kidato cha nne, na nilitembea na ile A kama mtu aliyevaa saa mpya, ambaye huuliza wenzake saa ngapi ili nao wamuulize. Shule moja ya kibinafsi pale Matisi, madarasa ya mbao na paa la mabati, ilinichukua nifundishe darasa la nne ingawa sikuwa nimesomea ualimu. Watu kama mimi tuliitwa UT, kifupi cha Kiingereza cha mwalimu asiyesomea, na tulilipwa kama tulivyoitwa, kwa ufupi. Kwetu ni Kibomet, lakini nilitaka kujulikana kuwa mtu mzima, nikahamia Matisi katika chumba cha kupanga alichokuwa akiishi mwalimu wa darasa la tatu. Huyo ndiye Nekesa. Alikuwa amenizidi miaka mitano. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja cha futi nne, jiko la makaa, pazia la maua ya manjano, na dirisha lenye kioo kimoja na kadibodi moja. Jioni ya kwanza alinipikia mrenda, mboga ambayo kwetu haipikwi, na nilipoinua tonge mboga ikanifuata yote, toka sahani hadi kidevu. Nekesa alicheka hadi akakaa sakafuni. "Wailimu," akasema, "hiyo haivutwi. Hiyo unaikata na ugari, unapeleka mbio kabra haijajua." Jina langu ni Wairimu. Mwaka mzima aliniita Wailimu, na kwa kuwa lilikaribia neno elimu, sikulalamika sana.

Lakini kwa mengine nililalamika. Nekesa alikuwa na r na l zilizobadilishana nyumba bila kumwambia mtu. Wakati mwingine kila moja ilirudi kwake, wakati mwingine zilikaa pamoja, na hakuna mganga angejua leo zitalala wapi. Angesema "lafiki yangu" na "rori" katika sentensi moja, na katika ile ya pili akasema "rafiki" sawasawa. Watu wa kwetu nao, ukweli usemwe, si wa kuwacheka wengine. Nyumbani kwetu herufi l ni mgeni apitaye njia. Mimi nilikuwa nimeijua kwa jasho, chini ya mwalimu mmoja mkali, na mtu aliyepata kitu kwa jasho huona uchungu akiona wengine wanaishi vizuri bila hicho kitu.

Muhula wa pili ililetwa katoni ya vitabu vya msaada kutoka ng'ambo. Vilikuwa vya Kiingereza, vimejaa picha za rangi, na ndani yake mlikuwa na viumbe wa kila nchi: wenye pembe, wenye mabawa, wenye jicho moja, wenye miguu ya mbuzi. Mwalimu mkuu aliviogopa kidogo, akavifungia kabatini. Nekesa akaomba ufunguo. Kila jioni, akingoja maji ya ugali yachemke, alisoma kitabu kimoja huku akinong'ona na kucheka peke yake, na kila Ijumaa alasiri alikitoa darasani kwa Kiswahili chake. Kati ya darasa lake na langu palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba zenye nyufa. Nilikuwa nikiwaandikia wanafunzi wangu ngeli ubaoni, na nikigeuka nawaona wote wameegemeza masikio ukutani. Baada ya wiki mbili niliacha kuwakemea. Nilivuta kiti changu, nami nikaegemea.

"Sasa hii joka," namsikia hata leo, "iko na mabawa kama popo, inatoa moto kwa mdomo, na imerara juu ya dhahabu. Haikuri hiyo dhahabu. Haivai. Haiuzi. Imerara tu hapo juu, inangoja. Hiyo ni nini?" Mtoto mmoja akajibu kwa sauti kuu, "Ni broka, mwalimu!" Huo ulikuwa msimu ambao mahindi yamefichwa na madalali maghalani Kitale nzima yakingoja bei ipande, na darasa zima likakubaliana kwamba joka ni broka. Shujaa alipokuja na upanga, watoto walitaka kujua kwanza kama ana gunia la kubebea.

Kulikuwa na yule mchawi kikongwe wa nchi za baridi, ambaye nyumba yake husimama juu ya miguu miwili ya kuku na kutembea msituni. Kitabuni hiyo ilikuwa hadithi ya kutisha. Darasa la Nekesa lilijaa watoto wenye jamaa Bungoma, watu wanaomheshimu kuku kuliko wageni wengi, na hakuna aliyemwona mchawi. Waliona kuku. Waliuliza kama hiyo nyumba ina firigisi, na kama inayo ni ya nani, na Nekesa akasema kwa uzito wote kwamba firigisi ni ya baba mwenye nyumba lakini huyo mama hakuorewa, kwa hivyo ni yake. Halafu akaongeza kwamba mwenye ploti alikuja kumtafuta mwisho wa mwezi akakuta nyumba imeshahamia Kakamega.

Alipofika kwa mfu anyonyaye damu, yule mwenye meno marefu na koti jeusi, aliwaeleza kwamba hawezi kuingia nyumbani mwa mtu hadi aambiwe karibu. Kisha msichana mmoja akasema polepole, "Mwalimu, basi sisi tutaisha wote." Nekesa akauliza kwa nini. "Kwetu mtu akibisha anaambiwa karibu kabla ajulikane ni nani." Upande wangu wa ukuta nilimsikia Nekesa akifikiri. Nadhani lilikuwa jambo ambalo waliotunga hadithi hiyo hawakuliwaza, kwamba kuna nchi ambako huyo kiumbe angepewa kiti. "Basi," akasema mwishowe, "muambie karibu. Rakini mboga yake muekee kitunguu saumu mingi. Mgeni si anakura kire amepewa?"

Niliyempenda mimi ni yule mtu wa mtoni wa Kijapani, mwenye gamba la kobe mgongoni na kisahani cha maji utosini. Nguvu zake zote zimo katika hayo maji, na huvuta watu mtoni. Lakini ana adabu isiyo na kifani, ukimwinamia lazima naye akuinamie, na hapo maji humwagika. Nekesa alimhamishia mto Nzoia bila kuomba ruhusa. "Ukikutana na yeye usikimbie. Simama vizuri, inama, sema 'Mulembe, kuka', kama unasarimia babu yako. Yeye ataitika na ainame. Kwisha!" Kwa mwezi mzima watoto wa darasa la tatu waliwainamia wazee wote wa Matisi na kuwachungulia utosini. Wazazi walisifu shule kwa kufundisha adabu.

Mimi pia nilijaribu. Ijumaa moja niliwasimulia darasa la nne hadithi ya joka kwa Kiswahili sanifu, kila kitenzi kimepatana na nomino yake, na nilipofika penye upanga mvulana wa mbele aliomba kwenda msalani. Alipotoka wakaomba wengine wanne.

Tatizo lilianza na insha. Mwanafunzi mmoja wa Nekesa aliandika, "Mama yangu anapenda kura nyama kila siku," na mama mwenyewe akaja shuleni ameishika karatasi kwa ncha za vidole. Nchi ilikuwa inaelekea uchaguzi wa Desemba, na neno kura lilikuwa kwenye kila mti na kila ukuta. Mama yule hakutaka jina lake lihusishwe na kura wala na nyama. Mwenye shule, ambaye sote tulimwita Madam, aliniita ofisini. Kwanza alifunga mlango. Madam alikuwa mtu wa kwetu, na r na l zake alizifunika kwa kuongea polepole, lakini sh ilimshinda kabisa. "Hii sule," akaniambia, "ni ya lugha sanifu. Imeandikwa kwa geti. Siku ya wazazi tunaleta mgeni wa hesima, anataka udiwani, na ameahidi madawati hamsini. Mwalimu Nekesa atatoa hadithi, watoto wamemwomba. Wewe ndiye una A. Mfundise. Akitutia aibu mbele ya mgeni, tukifunga muhula, aende kwao." Akanywa chai yake. "Na darasa la tatu nitatafuta mtu. Pengine hata wewe, msahara ni mzuri kidogo kuliko la nne."

Nilimwambia Nekesa yote isipokuwa sentensi ya mwisho. Alikuwa akichambua mchele. Alikuwa na mama mgonjwa Matulo na wadogo zake wawili shuleni, na kazi ile ndiyo iliyowashikilia wote. Alichambua mchele ule mara ya pili ingawa ulikuwa safi. "Basi nifundishe, Wailimu," akasema. "Mimi si mjinga. Nitashika."

Tulianza siku hiyo hiyo. Nilimketisha kitandani nikasimama mbele yake na rula, nikamwambia aseme kula. Akasema kura. Nikamwambia aseme kura. Akasema kura, sawasawa kabisa. Nikamwambia aseme lori, akasema rori. Nikamwambia aseme rula, akasema lula. Nikamwambia aseme Nzoia, lisilo na r wala l, apumzike. Jirani yetu, fundi wa baiskeli, alikuwa akisikiliza kupitia ukuta, na kila Nekesa alipokosea alikuwa akirudia neno lile kwa upole, ili kumsaidia, na kulikosea zaidi. Wiki ya kwanza ikaisha bila faida. Wiki ya pili nikapata wazo, na nililiona wazo kubwa. Nilichukua karatasi ya hadithi yake, nikaiandika upya kwa mwandiko wangu mzuri, na juu kabisa nikaandika kwa wino mwekundu: GEUZA. "Sikiliza," nikamwambia. "Usisumbuke kujua ipi ni ipi. Ulimi wako ukikuletea r, wewe toa l. Ukikuletea l, toa r. Kila mara. Usiuamini hata mara moja." Nekesa alifikiri. "Na kama siku hiyo umereta ya ukweri?" akauliza. Nikamwambia haiwezekani. Ni swali bora kuliko yote niliyowahi kuulizwa na mwanafunzi, na nilimjibu hivyo, haiwezekani.

Siku ya wazazi ilikuja Novemba, na hema la bluu, na viti vya kukodi, na harufu ya pilau kutoka nyuma ya jikoni. Mgeni wa heshima aliwasili na magari mawili. Alikuwa mtu mnene mwenye furaha, mzaliwa wa upande wa Bungoma aliyefanya biashara Kitale miaka mingi, na alimkumbatia kila mtu pamoja na mlinzi wa geti. Watoto waliimba, wakariri walikariri, na Nekesa akaitwa. Alikuwa amevaa sketi yangu nyeusi. Alinitazama mara moja, akavuta pumzi, na nikaona midomo yake inasema kimya: geuza.

Na ulimi wake, siku hiyo, siku hiyo moja katika mwaka mzima, ulimletea ya ukweli. Kila neno lilifika mahali pake, na mengi yakamponyoka hivyo hivyo, lakini kura na kula, tuliyoyafanyia mazoezi kuliko yote, aliyageuza kwa utiifu.

"Mgeni wetu wa heshima," akaanza, sauti imesimama, "tunakushukuru sana. Tunajua siku hizi hupumziki, unazunguka nyumba kwa nyumba ukitafuta kula."

Hema likanyamaza. Mtu mmoja nyuma akakohoa. Nekesa, akidhani ukimya ule ni wa heshima, akapata nguvu. Hadithi yake ilikuwa ile ya zimwi la nchi za baridi liishilo chini ya daraja na kula mbuzi wanaovuka. Yeye aliliweka chini ya daraja la Nzoia. "Mbuzi mdogo akafika. Zimwi likatoa kichwa, likasema, 'Simama hapo! Mimi nataka kura!'" Akina mama wa mstari wa mbele wakashikana mikono. "Mbuzi akasema, 'Baba, mimi ni mdogo, kwangu hutapata kura. Ngojea ndugu yangu anakuja nyuma, kwake kuna kura ya kutosha.'" Kigelegele cha kwanza kikapigwa. "Zimwi likasema, 'Sawa, lakini msinidanganye. Mwaka jana mlinidanganya. Mimi ninaishi kwa kura!'"

Sijawahi kuona watu wazima wakicheka namna ile. Babu mmoja alivua kofia akauma ukingo wake. Mlinzi wa geti aliacha geti. Madam alikuwa anatabasamu kwa meno tu, na macho yake yalikuwa yananitafuta katika umati, na mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya sufuria za pilau. Nekesa alifurahi. Alidhani ni hadithi. Alikuwa hajawahi kupata hadhira ya namna ile, na alizidi kulitia zimwi sauti na tumbo, na mbuzi wa tatu alipolipiga pembe likatumbukia mtoni, alinyoosha mikono yote miwili akamaliza, "Na tangu siku hiyo, zimwi likakosa kura, na madaraka mpaka leo!" Alitaka kusema na madaraja mpaka leo yako salama, lakini kelele zilimvuruga. Watu wote wakasimama.

Hapo ndipo mgeni wa heshima aliposimama naye. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua alikuwa akipiga makofi. Ndugu yangu, mtu yule hakuwa amesikia kosa lolote. Masikioni mwake kura na kula zilikuwa zimelala kitanda kimoja tangu azaliwe. Alikuwa amesikia hadithi nzuri ya mbuzi. Alishika kipaza sauti akasema, "Mwarimu amesema ukweri! Na mimi sitawaficha, wazazi. Nimekuja hapa kura! Mkinipa, sitakura peke yangu. Tutakura pamoja!" Watu walikaa chini kwa sababu miguu ilikuwa imewaisha. Wengine walikuwa wanalia. Ni siku ya furaha kubwa zaidi niliyoiona Matisi, na ingekuwa ya furaha hadi mwisho kama asingekuwapo msaidizi wake, kijana wa mjini mwenye miwani, aliyeinuka akamnong'oneza sikioni. Tuliuona uso wa mgeni ukibadilika taratibu. Akaweka kipaza sauti mezani. Akaondoka na magari mawili, bila kuaga na bila kugusa pilau, na madawati hamsini yakaondoka naye.

Madam alituita ofisini sote wawili. Karatasi ya hadithi ilikuwa mezani, uso chini. Alimwambia Nekesa hakuwa na swali kwake. Alinigeukia mimi. "Ulimfundisa nini?" Lilikuwa swali rahisi. Ningesema, nilimfundisha upumbavu, Madam, kosa ni langu, alifanya nilichomwambia neno kwa neno. Nilikuwa na Kiswahili cha kutosha kusema hayo. Nikasema, "Nilimfundisha inavyotakiwa." Nekesa alikuwa amesimama kando yangu, mkono wake ukigusa wangu. Alifungasha Ijumaa ya kufunga shule, akaniachia jiko na pazia.

Januari nilipewa darasa la tatu. Ijumaa ya kwanza watoto walidai hadithi, na nikaona niwape ile ile ya zimwi la darajani, kwa sababu niliijua kwa moyo, na sasa ingesimuliwa sawasawa. Nikasimulia. Zimwi likatoa kichwa, likasema linataka kula. Hakuna aliyecheka. Nilipomaliza, yule msichana aliyewahi kuogopa kwamba tutaisha wote, ambaye alikuwa amerudia darasa, aliinua mkono. Hakuwa na ujeuri wowote, alitaka tu kunisaidia. "Mwalimu," akasema, "hiyo ni zimwi ingine. Yetu ilienda na mwalimu Nekesa." Niliwaruhusu watoke mapema. Kesho yake, Jumamosi, nilikuwa Matulo.

Nilimkuta uani kwao akipukuchua mahindi. Mama yake alikuwa amelala ndani, mlango wazi, redio ikisoma habari za serikali mpya. Nekesa aliniletea kiti, akaniuliza habari za fundi wa baiskeli, akaita mdogo wake akamate kuku. Nilimwambia asisumbuke, nina jambo. Nilikuwa nimelitunga njia nzima kutoka Kitale, na nilisimama nikalisema. Nilisema nimekuja kukiri kwamba siku ile sikutenda haki. Kwamba nilitawaliwa na woga pale ambapo urafiki ulinitaka niwe jasiri. Kwamba uwongo wangu umekuwa mzigo moyoni usiku na mchana. Lilikuwa jambo zuri. Lilikuwa na mwanzo, kati na mwisho.

Nekesa alikuwa ameacha kupukuchua. "Hiyo umetunga," akasema.

Akaweka gunzi chini.

"Mimi najua kitu ya kutungwa, si ndiyo kazi yangu? Rudi mwanzo. Niambie tena, bira kuichana nywere."

Nilifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nipate ile A sikupata neno. Nilikaa. Nikaangalia mahindi. "Niliogopa kufutwa, bana," nikasema. "Na nilikuwa nataka darasa yako. Madam aliniambia mapema ataweza kunipa, nikakuficha. Akiniuliza, nikaona ni wewe ama mimi. Nikasema ni wewe." Na hapo nikalia vibaya, kamasi na yote, mbele ya mdogo wake aliyekuwa ameshika kuku.

Alinitazama. Hakukuwa na mzaha usoni mwake, na hapo ndipo nilipojua mzaha wake wote ulivyokuwa zawadi. "Sawa," akasema. "Hiyo nimesikia." Akanisukumia magunzi upande, akanipa mahindi yangu ya kupukuchua, na tukafanya kazi hadi chakula kikaiva.

Alipata kazi ya chekechea karibu na kwao, akaifanya hadi alipougua, na kwa miaka yote hiyo tulitembeleana. Mara moja, watoto wangu wakiwa wakubwa, alikuwa kwangu Kibomet tukinywa chai, tukikumbuka yule mgeni na hotuba yake, na nikamuuliza kwa kucheka, "Hivi Nekesa, ulinisamehe lini hasa?" Akapuliza chai. "Kwani uriomba?" akasema. Tulicheka hadi chai ikamwagika mezani, na tangu hapo nimewasimulia watu jibu lile mara nyingi, kama mfano wa ucheshi wake.

Mwezi uliopita walipokuwa wakimwaga udongo, nilijaribu kuikumbuka siku ile ya uani kwao, neno kwa neno. Mimi ni mtu wa kukumbuka maneno. Nilikumbuka yale niliyoyatunga na yale yaliyonitoka, nikayapitia mara mbili kama ninavyopitia insha, nikitafuta mahali niliposema nisamehe. Hapakuwapo.